Pazia la mlangoni lilivyoipamba Kariakoo

Maduka ya mapazia ya Kariakoo, Dar es Salaam, hayahitaji kibao. Majora ya velveti yamesimamishwa nje tangu asubuhi, mapazia meupe mepesi ya shia yanapepea juu ya vichwa vya wapita njia, na vijana wa dukani wanamwita kila mwanamke mwenye mkoba: dada huyu, mama yule, karibu uone pazia la sebuleni. Asiyefika kwa miguu anaangalia kwenye simu. Ataona kochi la L la kijivu, zulia la manyoya, runinga iliyobandikwa ukutani, taa zilizofichwa ndani ya jipsamu, na chini yake maneno yale yale: "Jumla na rejareja, mikoani tunatuma." Mtu akiona hayo atasema mji umeanza kupendeza juzi, baada ya simu na baada ya bidhaa za China. Wazee wa Kariakoo watamcheka. Eneo hili limekuwa likijipamba kwa karibu karne nzima, na kilichopambwa kwanza ni mlango wa chumba cha kupanga.

Hadithi ya wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha wabeba mizigo wa vita kilicholipa eneo hili jina la Kariakoo, kila mtoto wa mjini anaijua, hatutairudia. Lisilosemwa sana ni kwamba serikali ya Wajerumani ilikwisha kulinunua shamba la Schöller, lililokuwa hapa, mwaka 1913, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ili kupima viwanja vya Waafrika nje ya mji wa biashara. Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916 waliuendeleza mpango huo: Uzunguni huku, Uhindini huku, Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka, na ng'ambo yake Kariakoo. Soko likaanza kazi mwaka 1923 katika jengo lililoachwa na Wajerumani.

Kwenye viwanja hivyo ikajengwa nyumba ya aina moja, na hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana bila nyumba hii mengine hayaeleweki. Korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo. Kuta za nguzo na udongo, paa la makuti, baadaye la madebe yaliyokunjuliwa, baadaye bati. Mwenye nyumba alibaki na chumba au viwili, vilivyobaki akapangisha. Ndani ya chumba kimoja waliishi baba, mama, watoto, na mara nyingi mgeni kutoka bara aliyekuja "kwa wiki mbili" akakaa mwaka. Kitanda, mkeka, sanduku la bati uvunguni, vyombo pembeni.

Joto la Dar es Salaam halimruhusu mtu kufunga mlango mchana. Mlango ukiachwa wazi, kila anayekwenda uani na ndoo anakiona kitanda chako. Dawa yake ilikuwa pazia. Likafungwa kwa kamba juu ya fremu, likashuka karibu kugusa sakafu, upepo ukapita na macho yakabaki nje. Lakini korido ni ya watu wote, kwa hiyo pazia hilo, lililotundikwa kwa ajili ya kuficha, likawa kitu cha kwanza ambacho jirani alikiona. Chafu, ni habari. Jipya, ni habari kubwa zaidi. Mwanamke aliyeolewa akahamia nyumba ya vyumba sita alijua kwamba atapimwa kwa vitu viwili kabla hajafungua mdomo: khanga aliyojifunga na pazia alilotundika.

Na mara nyingi kitambaa kilikuwa kimoja. Karne ya 19 pwani ilivaa merikani na kaniki. Khanga ilikuja kushika nafasi katika miongo ya mwisho ya karne hiyo, Zanzibar na Mombasa, na mpaka Kariakoo inajaa watu ilikwisha kuwa vazi la kila mwanamke wa mjini. Pindo pande zote nne, mji katikati, jina, yaani maneno yake, chini. Zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, zikashushwa bandarini, zikauzwa kwa doti katika maduka ya Wahindi. Doti mpya ilivaliwa harusini na msibani. Ikififia inavaliwa jikoni, au inakuwa pazia. Ikichakaa zaidi inabebea mtoto, na mwisho inadekia sakafu. Khanga moja ingeweza kupita katika kazi zote hizo ndani ya chumba kile kile. Yenye maneno makali ikitundikwa mlangoni iliendelea kusema hata mwenyewe akiwa sokoni. Mke mwenza au jirani mwenye maneno asome, asisome, shauri yake.

Sasa, nani aliamua kipi ni kizuri? Wenye maduka hupenda kujisifu, lakini historia inawaelekea zaidi wanawake waliokuwa kwenye vikundi. Vikundi vya ngoma na lelemama vilivaa sare. Wanachama walikaa wakachagua khanga moja, wakaenda dukani pamoja, wakanunua doti kwa idadi yao. Muuzaji aliyekataliwa na kikundi kimoja kikubwa alibaki na mzigo wake. Nguvu hiyo ya kukusanya watu kwa kitambaa na wimbo, TANU, chama kilichodai uhuru, iliiona mapema. Bibi Titi Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam, alikuwa akiimba katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, na mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama alianzia kwenye vikundi hivyo hivyo. Wanaume walikuwa na mambo yao ya dansi: Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na suti ya Jumamosi ilipigwa pasi ya mkaa hadi ikasimama yenyewe.

Mwaka 1968 ulileta mambo mawili yaliyokwenda kinyume. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na khanga na vitenge vikaanza kutoka Barabara ya Morogoro badala ya melini. Mwaka huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1, 1969: marufuku minisketi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Oktoba 1968, hata kabla ya tarehe hiyo, vijana waliwavamia wanawake kwenye mabasi pale Kariakoo kwa sababu ya urefu wa nguo zao. Kwa nini Kariakoo? Kwa sababu ndiko watu walikovaa kwa mitindo. Taifa lilikuwa linataka watu wapendeze kwa nguo zake lenyewe na kwa vipimo vyake lenyewe, na aibu ya amri hiyo iliwaangukia zaidi wanawake. Miaka michache baadaye vijana wale wale walikuwa wanafagia mitaa kwa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni.

Miaka ya 1970 ndipo makochi yalipoingia kwa wingi. Fremu ya mbao, mito ya sponji, seti ya watu saba, na katikati meza ndefu. Wenye vyumba viwili walikigeuza kimoja sebule. Wenye kimoja walikata chumba kwa pazia la pili: mbele makochi, nyuma kitanda. Hapo ndipo likaja jambo ambalo vijana wa leo wanalicheka na hawajui wanachokicheka: vitambaa vya makochi. Vilifumwa kwa sindano ya kroshia na uzi mweupe, duara juu ya duara, vingine na mdomo wa rangi ya waridi au samawati. Kimoja mgongoni mwa kila kiti ili mafuta ya nazi ya nywele yasiguse kochi, viwili vidogo kwenye mikono, kimoja kirefu mezani, kingine juu ya redio. Kufuma kulifundishwa shuleni, kwenye misheni na kwenye madarasa ya akina mama, lakini mitindo ilihama barazani, jioni, mmoja anahesabu matundu ya mwenzake. Vilifuliwa Jumamosi, vikatiwa wanga, vikaanikwa uani kwenye kamba. Jirani mjuzi aliweza kusema ni mkono wa nani.

Seti hizo zilinunuliwa kwa upatu. Mshahara wa tarishi wala wa karani haukutosha kununua makochi kwa mara moja, ila wanawake kumi wakichanga kila mwezi, kila mwezi nyumba moja inabadilika. Matokeo yake yalionekana kwa macho: aliyeanza kupokea alinunua kabati la vyombo lenye vioo, na wenzake wakaenda kwa fundi yule yule, Keko au Ilala, wakasema tengeneza kama lile. Ni sare ile ile ya ngoma, imeingia sebuleni. Kabatini vikombe vya maua vilipangwa visiguswe na mtu.

Soko lenyewe lilivaa upya wakati huo. Msanifu Beda Amuli alichora jengo lenye paa la miamvuli ya zege, Rais Nyerere akalifungua Desemba 8, 1975, na mpaka leo sioni jengo la umma mjini humu lililochorwa kwa ujasiri zaidi.

Halafu vitu vikaisha. Vita vya Kagera, mafuta ghali, fedha za kigeni hakuna. Khanga ikawa ya kupanga foleni kwenye maduka ya RTC, mashirika ya umma ya biashara, na pazia likawa shuka la zamani lililotiwa rangi. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, kuna waliotupa majora ya nguo usiku kuliko kukutwa nayo. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na zaidi baada ya Rais Mwinyi kuingia mwaka 1985, marobota ya mitumba yalifunguliwa mjini hadharani. Tunazikumbuka suruali na makoti, tunasahau kwamba ndani ya marobota yale yalikuwamo mapazia ya Ulaya: mazito, yenye bitana, yameshonwa vizuri kuliko chochote kilichokuwa dukani. Mpaka leo wapo akina mama wa mjini ambao ukiwaonyesha pazia jipya la bei mbaya watalisugua kwa vidole viwili, watashika ncha, watasema "jepesi hili", na watakwenda zao kuchambua mtumba.

Miaka ya 1990 mambo yalikwenda mbio. Wafanyabiashara walipanda ndege kwenda Dubai. Vikundi vya TOT na Muungano vilipambana kwenye taarab, na magauni ya jukwaani yakashonwa wiki iliyofuata na kila fundi cherehani wa barazani. Vituo vya runinga vya bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, makochi yakageuka yote kutazama upande mmoja, na kabati la vyombo likatobolewa katikati ili kuipisha runinga yenye chogo. Sherehe za kumfunda bi harusi zikawa na kamati, michango, sare na orodha ya vyombo.

Kilichobadilisha Kariakoo kuliko yote ni ghorofa. Nyumba za vyumba sita zimebomolewa moja baada ya nyingine, chini yakawekwa maduka, juu stoo na fleti, na mzigo sasa unatoka Guangzhou. Korido ya watu wote imekufa. Fleti ina mlango wa mbao na geti la chuma, vyote vimefungwa, feni au kiyoyozi kinafanya kazi ya upepo. Pazia limehama mlangoni likaenda dirishani, tabaka mbili, zito na shia, ringi za chuma juu, na linapigwa picha. Jirani hapiti tena na ndoo. Anapita kwenye simu, naye ni watu elfu kumi asiowajua mwenye nyumba.

Naona tumepata na tumepoteza. Binti wa leo anachagua rangi bila kuogopa maneno ya ukoridoni. Lakini sebule za Mbagala, Tabata na Sinza zimefanana kwa sababu mzigo ni wa kontena moja, wakati zamani zilifanana kwa sababu wanawake walikaa wakakubaliana. Mkono wa mfumaji haupo. Na nchi inayolima pamba inaipeleka nje sehemu kubwa ikiwa ghafi, kisha inanunua pazia la poliesta.

Historia hii imebaki hasa kwenye picha za familia: harusi ya mwaka 1974, maulidi, mtoto wa kwanza amekalishwa kwenye kochi lenye kitambaa kipya. Nyumba zenyewe nyingi hazipo tena. Kama kwenu ipo albamu ya namna hiyo, ichukue leo umpelekee bibi au shangazi, na kalamu, akutajie mwaka, mtaa na aliyefuma vile vitambaa, uandike nyuma ya kila picha.