Timu Mtambuka ya Maumivu

Katika nyaraka za hospitali zetu hukosi kukuta "timu ya wataalamu mbalimbali". Maneno hayo yanatosha kuhesabu watu, lakini hayaelezi wanafanyaje kazi. Mgonjwa wa saratani anaweza kuonwa na daktari, mtaalamu wa viungo na ofisa ustawi wa jamii siku moja, kila mmoja akaandika lake kwenye faili na kwenda zake. Wataalamu wapo, timu haipo.

Istilahi ninayoipendelea ni "timu mtambuka": watu wa taaluma tofauti wanaotathmini maumivu ya mgonjwa kwa pamoja, wakakubaliana mpango mmoja wa tiba, na kuurekebisha pamoja. Jambo hili lilimshughulisha mapema John Bonica, daktari wa usingizi mzaliwa wa Italia aliyewahi kupigana mieleka ya kulipwa nchini Marekani (mieleka hiyo ikamwachia maumivu ya kudumu). Kutibu askari wakati wa Vita Kuu ya Pili kulimwonyesha kwamba maumivu sugu humshinda mtaalamu mmoja.

London, Cicely Saunders alifika hapohapo kwa njia nyingine. Alikuwa muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice. Yeye ndiye aliyetupa dhana ya "maumivu jumla": ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na maisha ya kila siku, na ya roho.

Chukua mgonjwa anayetumia mofini ya maji. Katika tiba shufaa barani Afrika, maumivu huweza kupimwa hata kwa vidole vya mkono: ngumi ni sifuri, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Leo anaonyesha vinne. Daktari aliye peke yake ataongeza dozi. Lakini muuguzi anajua kwamba mofini imemfungia choo, naye ameanza kuiruka kimyakimya. Ofisa ustawi anajua kuwa nauli ya kufuata chupa nyingine haipo. Kiongozi wa dini amesikia kwamba mgonjwa anaona maumivu hayo ni adhabu anayostahili. Wasipokaa pamoja, dozi itaongezwa ya dawa isiyonywewa. Wakikaa, huenda kinachohitajika ni dawa ya kulainisha choo, nauli na mazungumzo.

Katika timu ya namna hii, mipaka ya kazi nayo hulegea. Uganda iliwaruhusu mwaka 2004, kwa kanuni, wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, kazi iliyokuwa ya daktari.

Wapo watakaolikataa neno "mtambuka" kwa kuwa limechoshwa na semina za "masuala mtambuka", ambamo jinsia, UKIMWI na mazingira hutajwa na kila idara bila kuwa kazi ya yeyote. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kuweka "timu shirikishi" mahali pake hakutufai: istilahi hiyo nayo imekwisha kubeba maana ya kumshirikisha mwananchi, na hapa tunamtaka mfamasia aketi na muuguzi.