Mfumo umeboreshwa usiku, asubuhi umegoma: nini kimetokea?

Ujumbe unaingia kwenye simu: huduma za saccos zitasimama usiku kwa ajili ya maboresho ya mfumo. Asubuhi unaangalia salio, kimya. Ukifika ofisini karani anakwambia mfumo uko chini. Hela zimekwenda wapi?

Mara nyingi hazijaenda popote. Salio lako limeandikwa kwenye hifadhidata, yaani daftari kubwa la kielektroniki linalotunzwa kwenye kompyuta iitwayo seva. Programu inayolisimamia ina matoleo, na kila toleo huzeeka. Tuchukue MySQL, moja ya programu hizo zinazotumika sana duniani. Toleo lake la 5.7 liliachwa na watengenezaji Oktoba 2023. Tundu jipya la wezi likigunduliwa, hakuna wa kuliziba. Kwa hiyo kuhama ni lazima. Tabu iko njiani.

Tabu ya kwanza ni ya mlango. Toleo la 8.4, lililotoka 2024, huja likiwa limezima njia ya zamani ya kukagua maneno ya siri. Programu ya karani inabisha hodi kama ilivyozoea, seva inaikataa. Daftari ni zima kabisa, ila halifunguki. Fundi makini husoma kwanza kumbukumbu za makosa za seva, na sababu huiona humo. Asiye makini huanza kufutafuta vitu, na hapo ndipo hasara ya kweli huanzia.

Nyingine inachekesha kidogo. Tangu toleo la 8.0, neno "groups", vikundi kwa Kiingereza, limekuwa neno la amri la programu yenyewe. Sasa aliyeandika mfumo wa vikoba akiwa aliipa orodha ya vikundi jina hilohilo, kila swali kuhusu kikundi linarudi na kosa. Dawa ni kubadili jina hilo, au kulifunga kwa alama maalumu popote lilipoandikwa.

Lililo zito ni kurudi nyuma. Ukishatoka 5.7 kwenda 8.0, huwezi kulishusha toleo. Kinachobaki ni nakala rudufu iliyochukuliwa kabla ya kazi, na miamala ya baada ya hapo haimo. Kwenye mkutano wa wanachama uliza: nakala hiyo imewahi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine ikasomeka? Toleo jipya limejaribiwa humo kwanza? Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa, sisi hatuihesabu.

Upande wako, usifute SMS za miamala, na tunza stakabadhi. Ikibidi kurudishwa daftari la jana, hizo ndizo zitakazoonyesha ulichoweka leo. Muamala ukikwama, uliza kabla ya kutuma tena. Na mtu akipiga akidai anarekebisha akaunti yako baada ya maboresho, kisha akaomba namba ya siri, kata simu. Fundi wa seva haihitaji.