Mpira wa Challenger Haukuwa Mbovu

Watu hupenda kusema Challenger ilimalizwa na kampira kabovu. Mimi nakataa.

Tarehe 28 Januari 1986, chombo hicho cha Marekani kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Watu saba wakafa. Viungo vya roketi zake za pembeni vilizibwa na oringi za Viton, mpira unaovumilia joto kali na mafuta. Shida ni baridi: inaufanya mgumu, unachelewa kurudia umbo lake. Asubuhi hiyo ilikuwa kama nyuzi 2 tu. Muundo wa kiungo tayari ulikuwa na kasoro, baridi ikamalizia. Gesi moto ikapenya.

Na si eti hawakuambiwa. Usiku uliotangulia, Roger Boisjoly na mainjinia wenzake walisema: chini ya nyuzi 12, tusirushe. Wakubwa wakawapuuza. Wiki mbili baadaye, Richard Feynman alibana kipande cha mpira huo, akakitumbukiza kwa maji ya barafu mbele ya kamera. Alipokiachilia, kilikawia kujirudi.

Kwa hivyo ukinunua oringi, usiulize saizi na bei pekee. Uliza itakaa wapi: kwa mafuta, moto ama baridi? Na fundi akikwambia "hii haifai hapa", msikize, hata kama hana cheo.