Mstari Usioonekana Majini: Upelelezi wa Kijeshi na Setilaiti katika Ziwa Edward

Historia ya upelelezi wa majini katika Afrika Mashariki huandikwa aghalabu kuanzia pwani, ambako maharamia wa Kisomali walizilazimisha serikali kuitazama bahari kutoka angani. Makala haya yanaanzia Rukoki, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Kasese, mbali na bahari lakini karibu na swali lenyewe: afisa wa ujasusi atajuaje mtumbwi u wapi, na ni wa nani?

Zaidi ya theluthi mbili za Ziwa Edward zimo Kongo. Mpaka wake ulithibitishwa na Waingereza na Wabelgiji katika mkataba wa 1915. Katika nchi kavu waliufuata mto Lhubiriha, upitao Mpondwe, jirani na Bwera. Ziwani hapakuwa na mto wa kuufuata. Wakachora mstari mnyoofu kutoka mlango wa Lhubiriha hadi mlango wa Ishasha. Ramani inauonyesha. Mvuvi anayetega nyavu usiku hauoni.

Kutoonekana huko kumegharimu maisha. Mwaka 2017 jeshi la Uganda lilianza kusimamia uvuvi haramu maziwani. Julai 2018 wanajeshi wa Uganda na wa Kongo wakarushiana risasi katika Ziwa Edward, askari na raia wakafa, na kila upande ukadai kwamba mwenzake ndiye aliyevuka mpaka.

Je, setilaiti ingeamua? Kwa baharini, jibu hukaribia kuwa ndiyo. Meli za tani 300 na zaidi zifanyazo safari za kimataifa hulazimika kubeba mtambo unaotangaza jina, mahali na mwelekeo wake, na setilaiti huzinasa ishara hizo. Mtumbwi wa Katwe au Kayanja hautangazi chochote. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyoachiwa angani Desemba 2022, haikuundwa kwa kazi ya doria. Rada za angani zenye uwezo mkubwa zaidi zaweza kuona chombo, lakini haziwezi kusema kama kimebeba sato au bunduki.

Hapo ndipo kazi ya afisa inaporudi kwenye lugha. Lhukonzo, ambayo ng'ambo huitwa Kinande, huzungumzwa pande zote mbili za mpaka. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za KAR, nacho ndicho Kiswahili (ingawa cha lafudhi nyingine) cha masoko ya Kivu. Kwa maoni yangu, washauri wa sera wamevutiwa mno na picha. Taarifa ya mahali inayoandikwa kwa digrii na dakika, kwa Kiingereza upande mmoja na kwa Kifaransa upande wa pili, haimfikii mwenye kasia kabla risasi haijalia. Istilahi za pamoja za doria, kwa Kiswahili, zingeanza na amri ya kusimamisha chombo na jina la mahali ambalo mvuvi mwenyewe hulitumia.