Mila Iliyopewa Nguvu na Dola: Hukumu ya Mwanza ya 1990 kuhusu Mwanamke na Ardhi ya Ukoo

Mwezi Februari 1990, Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, iliamua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo mwaka 1988, kwa kuwa alikuwa mzee asiye na wa kumtunza. Jamaa yake alipinga. Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikayathibitisha.

Zuio hilo huitwa mila. Hata hivyo, lilikuwa limeandikwa katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotangazwa na Serikali. Kwa hiyo mahakama haikuudhibiti ukoo pekee. Iliidhibiti pia dola iliyoipa mila nguvu ya sheria. Jaji James Mwalusanya aliegemea Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, hususan ibara ya 13(4), akaamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Ukoo ulibaki na nafasi ya kuikomboa ardhi kwa malipo.

Kanuni za kurithi zenyewe hazikubatilishwa. Mwaka 2006, katika shauri la wajane wawili, Mahakama Kuu ilikiri kuwa zinabagua, lakini ikakataa kuzitengua, ikielekeza mabadiliko kwa halmashauri za wilaya. Katiba ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni namna majaji walivyouelewa mpaka wa mamlaka yao mbele ya sheria ya dola.