Taarifa Binafsi: Baina ya Faragha na Amana

Istilahi "taarifa binafsi", iliyothibitishwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, mara nyingi huchanganywa na neno "faragha", ilhali kila moja lina mipaka yake ya maana. Faragha, neno lililotoka katika Kiarabu, ni hali ya kujitenga na macho na masikio ya watu, na katika miji ya mwambao kama Tanga na Pangani desturi za nyumba zenyewe huifafanua, kwani mgeni hupokewa barazani, na atakaye kuvuka kizingiti hupiga hodi akangoja kuitikiwa.

Taarifa binafsi ni habari zinazomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika kwazo, kama vile jina, namba ya kitambulisho, alama za vidole na hali ya afya. Habari hizi, tofauti na mambo ya faragha, aghalabu zimekwisha kutoka nje ya nyumba: mkazi wa Ngamiani, mjini Tanga, anayesajili laini ya simu kwa alama za vidole, au mama anayeandikishwa kliniki, amezitoa kwa sababu huduma haipatikani bila hizo, na hodi haiwezi tena kumlinda.

Hapo ndipo sheria inaposhika zamu. Inamtaka "mkusanyaji", yaani anayeamua madhumuni na njia za kuzichakata taarifa, pamoja na "mchakataji", anayezishughulikia kwa niaba yake, wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, tena inakataza taarifa kutumiwa nje ya lengo lililotajwa au kuhifadhiwa kupita muda unaohitajika. Mwenye habari, anayeitwa "mhusika wa taarifa", ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake, kudai kisahihishwe na kulalamika kwa Tume.

Nchini Kenya, ambako sheria ya namna hii ilitungwa mwaka 2019, neno lililozoeleka ni "data", ambalo ni fupi lakini halimtaji mwenye habari. "Binafsi" humkumbusha msomaji kila mara kwamba habari ina mwenyewe. Kwa hiyo istilahi hii hueleweka vyema zaidi ikisomwa sambamba na neno "amana": aliyewekeshwa kitu hakimiliki, hukitunza kwa shabaha aliyopewa, na akikitoa kwa mwingine bila idhini, watu wa pwani wana jina la tendo hilo, nalo ni khiana.