Michenzani: Ramani ya Mjerumani, Rula ya Karume

Huku Iwawa, ukitaja jengo la Mjerumani, mtu anakuelekeza Bulongwa au Tandala, kwa wamisionari wa Berlin waliofika Ukinga mwishoni mwa karne ya 19. Hao wameshaandikwa vya kutosha. Mjerumani wa pili, aliyekuja na saruji na ramani ya mipango miji, alishukia Unguja, na habari zake zimefupishwa hadi kuwa sentensi moja isiyo sahihi: kwamba maghorofa ya Michenzani, mjini Zanzibar, yalijengwa na Wajerumani.

Mtaa mwingine wa mji huo, Kikwajuni, naam, ulijengwa na Wajerumani. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na kabla ya mwezi huo kuisha Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikasirika. Muungano wa Aprili ukamwachia Mwalimu Nyerere ugomvi huo, na mwaka 1965 akaamua ni heri akose misaada ya Ujerumani Magharibi kuliko kupangiwa marafiki. Wakati huo mafundi wa Berlin Mashariki walikuwa kazini Kikwajuni, wakiinua majengo ya ghorofa chache, yaliyopangika na kuachiana nafasi ya upepo na watoto. Hapo mkono wa Mjerumani hauna ubishi.

Michenzani ni habari nyingine. Mwaka 1968 Hubert Scholz, mpangaji miji kutoka Ujerumani Mashariki, aliandaa mpango mkuu wa mji wa Zanzibar. Mzee Karume, rais wa Zanzibar, aliuchukua, akaupinda atakavyo. Garth Myers, mwanajiografia wa Kimarekani aliyeichimba historia ya Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, anaonyesha jinsi rais alivyotaka majumba marefu yaliyonyooka kufuata barabara mbili zinazokatana, si makundi madogo ya nyumba. Ndivyo ilivyokuwa: majumba ya takriban mita 300 kila moja, marefu mno hata mpangaji mwenyewe asingethubutu kuyapendekeza. Ujenzi ulianza karibu na mwaka 1970, wakati Wachina wakionekana visiwani zaidi kuliko Wajerumani. Zege lilibebwa na Wazanzibari, wengine kwa kujitolea, wengine kwa kujitolea kulikolazimishwa. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Kazi ikaendelea chini ya Aboud Jumbe, aliyemrithi, ila maelfu ya nyumba zilizokusudiwa hazikufikiwa.

Wapo wanaoyaita majumba hayo uchafu wa kikomunisti. Siwapi muda, wengi wao huishia Mji Mkongwe na kamera. Walio na haki ya kulalamika ni wale ambao nyumba zao za udongo na makuti zilibomolewa Ng'ambo, wakapandishwa ghorofani ambako maji hayafiki kila siku na kuku hana pa kufugwa. Lakini hata hao wameyageuza kuwa yao. Tazama kibaraza cha jumba lolote: kanga zimeanikwa, madishi ya televisheni yamepangwa ukutani, na chini kuna duka la vocha na nazi. Mtu hutaja makazi yake kwa namba ya jumba tu. Pale kwenye mzunguko, maskani ya Kisonge, kijiwe cha siasa, iliwahi kutikisa siasa za visiwa kwa ubao na chaki.

Vitabu vya usanifu wa Ujerumani wa zama hizo huanza na uwanja wa Olimpiki wa Munich wa 1972, paa lake la Frei Otto na Günter Behnisch likielea kama utando wa buibui, kisha huruka hadi Marzahn, Berlin Mashariki, mwaka 1977. Kikwajuni haimo. Iliutangulia uwanja huo na Marzahn pia, na watu wangali wanaishi ndani yake. Wala haimo ndani ya mipaka ya urithi wa dunia ambayo UNESCO iliupa Mji Mkongwe mwaka 2000, ingawa kwa miguu ni mwendo mfupi kutoka Darajani.

Ukipita huko, usiyachanganye. Kikwajuni mpe Mjerumani haki yake. Michenzani mpe Karume, na lawama zake pamoja.